Toba iliyochelewa: shajara ya mradi wa Edmund katika King Lear

Tunachokifanya

Tunaandaa muswada wa jukwaani wa King Lear ya Shakespeare kwa Kiswahili, na shajara hii inamfuata mhusika mmoja tu, Edmund. Tunataka mtazamaji amwonee huruma bila kumfutia hatia hata moja, na toba yake ya Tendo la 5 isikike kuwa ya kweli. Hatumtungii hotuba ya kujitetea. Hatumwokoi Cordelia. Yaliyomo ndani ya tamthilia yanatosha, ila yametawanyika, na mengine huwa ya kwanza kukatwa muswada unapofupishwa.

Kwa aliyeisoma zamani: Edmund ni mtoto wa nje wa Gloucester. Anaghushi barua ili baba yake aamini kwamba Edgar, mwana wa ndoa, anapanga kumuua. Anamkabidhi baba yake kwa Cornwall, mkwe wa mfalme Lear, na Cornwall anampofua macho yote mawili. Anawaahidi mapenzi dada wawili, Goneril na Regan, binti za Lear. Anatoa amri ya siri Lear na Cordelia, binti yake mdogo, wauawe gerezani. Mwishoni Edgar anamjeruhi katika pambano la panga, na akiwa anakata roho anajaribu kuirudisha ile amri. Mjumbe anakimbia, lakini Cordelia ameshanyongwa.

Juma la 1: chapa mbili

King Lear imetufikia kwa chapa mbili kuu, ya 1608 na ya 1623. Ya kwanza ina mistari karibu 300 ambayo ya pili haina; ya pili ina kama 100 yake yenyewe. Kwa Edmund tofauti inayouma iko mahali pamoja. Edgar amemaliza kusimulia jinsi baba yao alivyokufa. Edmund anasema maneno hayo yamemgusa, huenda yakazaa wema, kisha anamwambia ndugu yake aendelee. Katika chapa ya 1608 Edgar anaendelea kweli, mistari kama 18 kuhusu Kent, mtumishi mwaminifu wa mfalme. Katika ya 1623 mistari hiyo haipo. Albany, mume wa Goneril, anaomba asisikie zaidi, na papo hapo mtu anaingia mbio ameshika kisu chenye damu.

Mistari 18 kwa Kiswahili, kwa mwendo wa kawaida wa jukwaani, hula kama dakika moja na nusu. Dakika hiyo na nusu ni uhai wa Cordelia. Tulisoma kwa sauti namna zote mbili. Ukiibakiza habari ya Kent, mtazamaji anamkasirikia Edgar kwa kusema mno, na Edmund anajificha nyuma ya maneno ya ndugu yake. Ukiiondoa, ucheleweshaji unakuwa wa Edmund peke yake. Amri anaijua yeye, na anayenyamaza ni yeye. Tumefuata 1623 hapo.

Lakini tumerudi 1608 kwa jambo moja. Kapteni anayepewa amri ya kuua anasema, katika chapa hiyo tu, kwamba hawezi kuvuta mkokoteni wala kula shayiri kavu; kama ni kazi ya binadamu, ataifanya. Ni mistari miwili ambayo wengi huikata. Sisi tunaihitaji, kwa sababu inamweka kando ya Edmund mtu anayeua kwa ujira bila swali, ambaye hatamsikia akitubu kamwe. Hivyo muswada wetu ni mchanganyiko wa chapa mbili, na kila mahali tulipochanganya pamewekwa alama pembeni ya ukurasa ili mwongozaji ajue.

Kuhusu chanzo. Habari ya Gloucester na wanawe ilitoka katika Arcadia ya Philip Sidney, iliyochapwa 1590, kwenye kisa cha mfalme wa Paphlagonia aliyepofushwa na mwanawe wa nje, Plexirtus. Huyo Plexirtus naye anatubu: anakuja na kamba shingoni kumwomba ndugu yake msamaha, na anasamehewa. Toba yake ni ya uongo. Shakespeare alikuwa na toba hiyo ya kinafiki tayari mkononi na hakuitumia. Alimpa Edmund toba isiyomletea faida yoyote, kwa kuwa anakufa hata hivyo. Kwetu hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya mwigizaji anayetaka kuyasema maneno ya mwisho kwa tabasamu la ujanja.

Juma la 2 na la 3: maneno

Hapa kazi ilikuwa nzito kuliko tulivyokadiria.

Kwanza mizani. Mstari wa Kiingereza wa silabi 10 ukiutia katika Kiswahili huvimba hadi 16, wakati mwingine 18. Tumechagua mstari wa mizani 16, kituo katikati, bila vina. Vina tulivijaribu katika kurasa 4 na kuviacha. Edmund anapozungumza peke yake anafikiri mbele yetu, na kina kinamfanya aonekane ameshamaliza kufikiri kabla hajafungua kinywa.

Pili, neno lake kuu. Mwanzo wa Tendo la 1, onyesho la 2, Edmund anaiita Nature mungu wake. Katika Tendo la 5 anataka kutenda wema kidogo kinyume na nature yake. Neno ni lilelile, na kati ya kauli hizo mbili imepita tamthilia nzima. Rasimu ya kwanza ilikuwa na "maumbile" mwanzoni na "tabia" mwishoni. Kila moja ilisikika vizuri mahali pake, na uzi ukakatika. Tumeshika "asili" pande zote mbili, maana asili ni jinsi mtu alivyo na pia ni alikotoka, na kwa mtoto wa nje maana hizo mbili hazitengani. Mwanzo sasa unasomeka:

*Asili, u mungu wangu. Sheria yako natii.*

Na mwisho:

*Natwetea roho yangu. Wema kidogo nitende,*
*asili yangu ikane. Haraka, tumeni mtu.*

"Natwetea roho" tuliipigania. "Nataka kuishi" ni nyepesi na inaleta maana isiyo yake, kana kwamba anaomba tabibu. Anatweta ili apate pumzi za kumaliza sentensi, basi. Vituo vya mstari navyo vinamsaidia mwigizaji: mizani 8, pumzi, 8, pumzi. Asiyavute maneno, mstari umeshampimia pumzi.

Tatu, tusi. Kiingereza kina base (duni), bastard (mwanaharamu) na legitimate (wa halali), na Edmund anayageuzageuza maneno hayo mdomoni mpaka yanapoteza maana. Kiswahili kina jozi kali zaidi, halali na haramu. "Halali! Neno zuri hilo, halali" linakaa lenyewe bila msaada. Hatari yake ni kwamba "haramu" humpeleka msikilizaji kwenye dhambi, na kilio cha Edmund katika hotuba hiyo ni cha ardhi. Anataka mashamba ya Edgar, na anasema hivyo waziwazi. Kwa hiyo tumegawa maneno kwa wasemaji. Gloucester, anayecheka, anasema "mtoto wa nje", neno la adabu. Edmund akibaki peke yake anajiita "mwanaharamu" kwa kinywa chake mwenyewe. Mtazamaji anasikia kwamba lile neno laini la baba ndilo lililogeuka hili.

Na "wa nje" limetupa zawadi ambayo Kiingereza hakina. Baba anamwambia Kent kwamba kijana huyu amekuwa nje miaka 9, na ataondoka tena. Mtoto wa nje, amekuwa nje, atarudi nje. Mara tatu, bila sisi kuongeza chochote.

Neno moja la jina likibadilika, hukumu nzima hubadilika. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya mfanyabiashara wa Venisi mwaka 1969 aliiita Mabepari wa Venisi, kwa wingi, na kwa wingi huo lawama ikatoka kwa mtu mmoja ikawafikia wote waliomo mjini. Nasi tuliyapima majina ya Edmund kwa uangalifu wa namna hiyo.

Juma la 4: mazungumzo ya kwanza kabisa

Watu hufikiri huruma kwa mwovu hujengwa pale anapolia. Kwa Edmund hujengwa kabla Lear hajaingia jukwaani, na asipoipata hapo hataipata tena.

Tamthilia inafunguka kwa Gloucester akimwambia Kent, Edmund akiwa kando yake, kwamba ameona haya mara nyingi kumkubali kijana huyu hata sasa uso umekuwa wa shaba. Kwamba mama yake alikuwa mzuri na kulikuwa na raha siku alipotungwa mimba. Ni mzaha wa wanaume wawili. Katika mazungumzo yote hayo Edmund ana kauli 3 fupi, zote za adabu. Hamjui Kent. Yuko tayari kumtumikia. Atajitahidi astahili.

Tulivyopanga jukwaa: Edmund asimame hatua 2 nyuma ya bega la kushoto la baba yake, uso kwa watazamaji. Akiwekwa hatua 6 au zaidi, mtazamaji anadhani hasikii na mzaha unabaki mzaha. Akiwekwa bega kwa bega, Gloucester anaonekana katili wa makusudi, na huyo siye. Gloucester anampenda mwanawe, anasema mwenyewe kwamba yule wa ndoa hamzidi huyu kwa thamani, na ndiyo maana maneno yake yanachoma. Asisite kabla ya neno "raha". Aliseme kama mtu aliyelisema mara mia.

Kosa lililojirudia kwenye mazoezi: mwigizaji wa Edmund alikuwa akikunja uso. Mkunjo mmoja tu, na mtazamaji ameshajua ni mwovu. Barua ya kughushi haimshtui tena. Dawa yake ilikuwa kumpa kazi ya mikono. Anashika glavu za baba yake. Baba akisema "raha", vidole vinatulia, halafu vinaendelea kuzikunja glavu vizuri, moja juu ya nyingine. Akiambiwa amsalimu Kent anainama akiwa bado ameshika glavu hizo, na "nitajitahidi nistahili" inatoka kwa sauti ya mtu anayemaanisha. Inafaa aimaanishe. Siku hiyo bado angeweza kuwa mwana mwema.

Lear anapomtuma Gloucester nje, matoleo mengi humtoa Edmund pamoja na baba yake. Tumembakiza ukutani. Hana neno, lakini anaona mfalme akigawa nchi kwa wanaotamka mapenzi vizuri na kumnyima asiyejua kuyapamba. Onyesho linalofuata atatumia maneno yaliyoandikwa vizuri kupata ardhi. Hatuhitaji kumweleza mtu uhusiano huo.

Juma la 5: Tendo la 3 na la 4

Edmund hayupo baba yake anapopofushwa. Cornwall anamwondoa, akisema kisasi hicho hakimfai kukitazama. Tulijaribu kulitumia hilo kumpunguzia lawama: akaondoka polepole, akageuka mlangoni. Halikufaa. Baadaye Regan anasema Edmund amekwenda kuyamaliza maisha ya baba yake kipofu, eti kwa kumhurumia. Mtazamaji aliyelainishwa mlangoni anajiona amedanganywa. Sasa anaondoka haraka, bila kugeuka, akiwa na Goneril.

Tulichokipata badala yake ni kikubwa zaidi. Kwa kuwa hakuona, mara ya kwanza kwake kusikia kwa kinaganaga ni Tendo la 5, Edgar anapozieleza zile pete zinazovuja damu zilizopotelewa na vito vyake, yaani matundu ya macho ya baba yao. Mwigizaji alindiwe nafasi hiyo. Asionyeshwe popote kabla yake akiambiwa habari za macho, wala asipite karibu na Gloucester aliyefungwa kitambaa.

Jambo dogo lakini la lazima: Tendo la 3, onyesho la 5. Edmund, akimuuza baba yake, analalamika jinsi bahati yake ilivyo mbaya hata inambidi atubie kutenda haki. Hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kutaja toba, na ni uongo mtupu. Tumeandika kwenye muswada: hapa sauti juu, mkono kifuani. Mkono huo kifuani usirudi tena popote katika tamthilia. Ukirudi Tendo la 5, watu watacheka, na watakuwa na haki.

Juma la 6 na la 7: hesabu ya kifo

Tangu Edmund aseme "yamenigusa" hadi "natwetea roho yangu" kuna, kwa matini yetu, mistari isiyofika 30 pamoja na shughuli za jukwaani: mtu wa kisu, habari kwamba Goneril amempa Regan sumu na kujichoma, Kent kuingia, Albany kukumbuka ghafla kwamba wamemsahau mfalme, maiti mbili kuletwa. Mwanzoni yote hayo yalichukua dakika 5. Ilikuwa mno, kilichochelewa kilikuwa onyesho, Edmund hata hakuonekana. Wabeba maiti wakasogezwa wangoje nyuma ya pazia la kulia badala ya kuzunguka nyuma, na tukafika dakika 3 na nusu. Chini ya 3 haifai: toba inakuwa ya haraka, na Cordelia anakufa kwa bahati mbaya tu.

Swali lililotushika juma zima: kwa nini hasemi mara moja? Albany anamuuliza kwa jina lake, mfalme yuko wapi na Cordelia yuko wapi. Swali limekuja, naye anajua jibu. Hajibu.

Tulijaribu majibu matatu. Katika la kwanza jeraha linamzuia kusema. Lakini anasema mengine vizuri tu, kwa hiyo hapana. La pili, bado anatumaini mpango utafaulu. Hilo linaifanya toba kuwa kushindwa tu. La tatu limekaa. Amri imetolewa kwa mkono wake na wa Goneril, na Goneril analetwa maiti wakati uleule swali linapoulizwa. Anazitazama maiti mbili na kusema: "Hata hivyo Edmund alipendwa." Hasemi "nilipendwa". Anajitaja kwa jina kama mtu mwingine, na rasimu iliyobadilisha hilo tumeirekebisha.

Baada ya hapo Albany anaamuru nyuso zifunikwe. Kisha, na si kabla, Edmund anasema anatwetea roho yake. Mpangilio huo ni wa Shakespeare, na ndio ufunguo. Tunaufanya hivi: askari wawili, shuka moja ya kitani isiyochujuka taa ikiipiga. Inaanza kwa Regan, inapita kifuani kwa Goneril, inasimama shingoni. Edmund anainua kichwa kuutazama uso wa Goneril. Shuka inafunika. Sekunde 2 za kimya, hesabu kamili. Halafu mstari. Watu waliokuwa wakimpenda wamekwisha, wote wawili wamekufa kwa ajili yake, na kitu pekee alichobaki nacho duniani ni amri iliyo njiani.

Shuka ikivutwa kwa kasi, sekunde 2 zinaonekana ni mwigizaji aliyesahau maneno. Ikivutwa polepole mno inageuka mazishi. Kwa kipimo chetu, sekunde 7 tangu ukingo wa shuka uguse Regan hadi uso wa Goneril upotee.

Juma la 8: tuliyoyakataa

Pendekezo la kumwacha Edmund jukwaani Lear anapoingia amembeba Cordelia. Lina mvuto; aone alichokifanya. Tulilipa mazoezi 2. Macho ya watazamaji yaligawanyika, na kilio cha Lear kikawa somo la Edmund. Albany anasema abebwe nje kwa muda, na abebwe.

Pendekezo la kukata jibu la Albany. Mjumbe anakuja kusema Edmund amekufa, na Albany anajibu kwamba hilo ni jambo dogo hapa. Waigizaji waliona ni ukatili kwa mtu aliyetubu. Jibu tumelibakiza, tena lisemwe bila hasira, na mtu asiyegeuza hata kichwa. Kutubu kumempa Edmund dakika moja ya kuwa mtu mwingine. Hakukumpa kilio cha mtu.

Pendekezo la tatu, mjumbe awahi. Hilo lilishafanywa: mshairi Nahum Tate aliiandika upya King Lear mwaka 1681, Lear akaishi, Cordelia akaolewa na Edgar, na majukwaa ya Uingereza yakaishikilia hadithi hiyo hadi mwigizaji Macready alipoirudisha ile ya kale mwaka 1838. Mjumbe akiwahi, Edmund anageuka mtu aliyefanya kosa na kulisahihisha. Hatumtaki huyo.

Juma la 9: upanga

Tatizo la kifaa limetokea, na ni la kweli. Edgar anauliza nani ana amri, kapteni ataijuaje rehema. Edmund anasema chukueni upanga wangu, mpeni kapteni. Katika pambano letu Edgar alikuwa akiusukuma upanga huo kwa mguu hadi nje ya jukwaa. Kwa hiyo mjumbe alikimbia mikono mitupu, na watazamaji makini wakaona.

Pambano limepangwa upya. Upanga unaanguka upande wa kulia wa Edmund, kipini kikimwelekea, umbali wa mkono na nusu. Hawezi kuufikia. Anapoutaja ananyoosha mkono, vidole vinakwama kama shubiri moja kabla ya kipini, na Edgar anauokota kwa ajili yake. Hapo tu ndugu hawa wawili wanafanya kazi moja pamoja, na hatutaki kuipamba. Edgar haugusi mkono wake.

Bado haijakaa sawa: tangu "upanga wangu" hadi mjumbe apite mlangoni ni sekunde 9, na inatakiwa 5. Tumeondoa ngazi moja njiani. Mazoezi yajayo Edgar ataurusha upanga badala ya kuutoa mkononi. Ni wa mbao uliopakwa rangi ya chuma, hauna ukali, lakini mpokeaji aufanyie mazoezi mara 20 taa zikiwa zimewaka zote kabla hatujazipunguza.